Barua ya deni la mizani

Njombe, 27 Septemba

Swahiba,

Salamu nyingi kutoka baridini. Huku wote wazima, mama watoto anakusalimu, na yule mbwa aliyekung'ang'ania suruali bado yupo na bado hana adabu.

Madhumuni ya barua hii ni kulipa deni. Wiki mbili zilizopita, pale uwanjani nyuma ya nyumba, nilipokutajia uzito wa nyota, uliniuliza, "Mwalimu, hiyo mizani mmeitundika wapi?" Nilijaribu kujibu, ukacheka. Nikajaribu tena kwenye simu, ukacheka mpaka salio langu likaisha. Kwenye karatasi huwezi kunikatiza.

Nikukumbushe kwanza tulichokitazama, maana najua ukishateremka Dar, ukikaa na taa zile, utaanza kusema hukuona kitu. Tulielekea kaskazini, saa tatu na ushee usiku. Ile nyota angavu iliyokuwa chini kidogo, usawa wa kilele cha mparachichi, ni Deneb. Jina lake ni la Kiarabu, maana yake mkia, kwa sababu Waarabu walilichora kundi lile lote la nyota kama kuku, Dajaja. Juu ya Deneb kuna Sadr, yaani kifua, na juu zaidi, kulia, kuna nyota ya bawa. Zihesabu hizo tatu kama pembe za kitanda kilichopinda: pembe ya nne, mkono wa kulia wa Deneb, ndipo ilipokuwa ile niliyokulazimisha uitafute. Ulikodoa macho dakika kumi. Ukasema, "Naona kama chembe ya chumvi." Halafu, "Imepotea." Nikakuambia usiikazie macho, tazama pembeni yake kidogo. Ikarudi.

Hiyo ndiyo 61 Cygni. Haina jina la heshima, ina namba tu, kama mfungwa. Tulipoiwekea darubini ya shule, ile yenye mguu uliofungwa kwa mpira wa baiskeli, ukaona si moja bali mbili, za rangi ya kiini cha yai la kienyeji. Ulisema, "Macho ya paka." Mimi nikasema ni majua mawili yanayozungukana, na uzito wake kwa pamoja ni Jua letu moja na theluthi. Hapo ndipo ulipoleta habari ya mizani.

Nakuelewa. Wewe umeishi na mizani. Unajua jiwe la kilo likichubuka linavyomwibia mtu, na hukubali uzito wa gunia ambalo hukuliona likining'inia. Sasa nisikilize taratibu.

Kabla ya uzito, tutafute umbali. Ukisimama kando ya barabara, bodaboda inayokupita hatua mbili kutoka ulipo inapita vuu, lakini ndege ya abiria kule juu, yenye kasi mara kumi zaidi, unaiona inatambaa. Kwa hiyo nyota inayohama haraka angani inaelekea kuwa jirani, hata kama taa yake ni hafifu. Mwaka 1804 Giuseppe Piazzi, mtaalamu wa nyota wa Palermo, aliliona hilo kwa chembe yako ya chumvi: inahama kuliko nyota nyingine zote zilizokuwa zimepimwa wakati ule, ndiyo maana ikaitwa nyota irukayo. Usidhani utaiona ikiruka. Kuhama upana mmoja wa mwezi mpevu kunaichukua miaka 350 hivi. Kwa nyota, hizo ni mbio.

Sasa anaingia mtu ambaye ungempenda. Friedrich Bessel hakusoma chuo kikuu. Alikuwa na miaka 14 alipopelekwa kujifunza kazi kwa wafanyabiashara wa Bremen, Ujerumani, kampuni ya kuingiza na kutoa bidhaa nje. Kazi yake ilikuwa daftari na hesabu za shehena. Shehena zikamfanya ajiulize meli zinajuaje ziko wapi baharini, swali hilo likampeleka kwenye nyota, na hakurudi dukani tena. Mwenzako huyo, ila yeye alitoroka.

Baadaye alikuwa Königsberg, mji ambao leo ni Kaliningrad ya Urusi, akiwa na chombo kimoja cha ajabu kilichotoka karakana ya Fraunhofer, fundi wa lenzi, kule München. Lenzi yake ilikuwa imekatwa katikati kama ndimu. Nusu moja unaisogeza kwa skrubu, na kila nusu inakupa picha yake ya anga. Unazungusha skrubu mpaka nyota ya picha hii ikae juu ya nyota ya picha ile, kisha unasoma skrubu imezunguka kiasi gani. Hebu niambie, hiyo si mizani? Umeweka jiwe upande huu, mzigo upande ule, na umengoja mkono utulie.

Tangu Agosti 1837, kwa mwaka mmoja na zaidi, Bessel aliipima 61 Cygni dhidi ya nyota mbili hafifu zilizo nyuma yake, za mbali sana. Dunia inapozunguka Jua, sisi tunahama, na nyota ya karibu lazima ionekane kuyumba kidogo mbele ya zile za mbali, kama kidole chako kinavyoruka ukikitazama kwa jicho moja kisha jingine. Yumbo lenyewe, tukihesabu nusu yake kama wanavyofanya wataalamu, ni sawa na upana wa sarafu ya sentimita mbili na nusu ukiitazama kutoka kilomita 18. Aliliona. Mwaka 1838 akatangaza: mwanga wake unasafiri zaidi kidogo ya miaka 10 kutufikia. Vipimo vya leo vinasema miaka 11.4. Mtu mwenye skrubu na ndimu ya kioo alikosea kwa sehemu moja ya kumi tu, na ndiye wa kwanza kutangaza umbali wa nyota kwa namba ambayo wenzake waliikubali. Thomas Henderson, aliyefanya kazi kule Rasi ya Tumaini Jema, alikuwa ameshapata vipimo vya nyota nyingine, Alfa Centauri, miaka kadhaa kabla, lakini akavikalia akivitilia shaka, akatangaza 1839. Wewe umewahi kukalia bei ya mchele namna hiyo, kwa hiyo unajua uchungu wake.

Sasa uzito. Chukua kikokotoo chako cha dukani, kile chenye kitufe cha saba kilichokwama.

Majua yale mawili yanazungukana. Watu wamekuwa wakiandika kila moja iko wapi kwa zaidi ya miaka mia mbili, na ingawa hakuna aliyeishi kuona mzunguko mzima, kipande cha njia kilichoonekana kinatosha kukadiria kwamba mzunguko mmoja unachukua miaka 680 hivi. Na kwa kuwa Bessel ametupa umbali, ile nafasi ndogo tuliyoiona kwenye darubini kati ya macho ya paka inageuka kuwa umbali halisi: kwa wastani, mara 85 ya umbali kati ya Dunia na Jua.

Kanuni ni hii. Zidisha umbali kwa wenyewe mara tatu. Gawanya kwa miaka iliyozidishwa kwa yenyewe. Jibu linatoka kwa kipimo cha Jua letu. Uijaribu kwanza kwetu: umbali 1, mwaka 1, jibu 1, Jua moja. Mizani ni sawasawa. Haya, 85 mara 85 mara 85 ni 614,125. Halafu 680 mara 680 ni 462,400. Gawanya. Mimi nimepata 1.33 kwa penseli, wewe utapata hiyo hiyo kwa kikokotoo kibovu.

Mantiki yake unaijua tangu utotoni, tulipokuwa tukizungusha jiwe kwenye kamba. Vitu vinavyovutana kwa nguvu vikiwa mbali namna ile vingezunguka haraka. Vikizunguka polepole, basi mvuto ni mdogo, na mvuto ni uzito. Kamba ndiyo mizani. Haikutundikwa popote, bwana, inavuta tu.

Na kila moja ina kilo ngapi? Kumbuka mzega. Ukibeba ndoo mbili, iliyojaa zaidi ndiyo inayosogea karibu na bega. Nyota nazo zina bega lao, nukta ambayo zote mbili zinaizunguka, na ile nzito iko karibu nayo zaidi. Kubwa inabeba 0.7 ya Jua, ndogo 0.63. Mapacha, karibu.

Joto lake ni rahisi zaidi, muulize mhunzi yeyote. Chuma kikiwa na moto mdogo ni chekundu, ukiongeza kinakuwa cha machungwa, kisha njano, kisha cheupe. Ile rangi ya kiini cha yai, ikipimwa vizuri, inasema uso wa kubwa una nyuzi 4,200 za Selsiasi hivi na wa ndogo 3,800, wakati Jua letu lina 5,500. Upana nao umepimwa kabisa, haukukisiwa: mwaka 2008 walichapisha vipimo vya darubini zilizounganishwa kwenye Mlima Wilson, California, zikafanya kazi kama darubini moja pana mno. Kubwa ina theluthi mbili ya upana wa Jua, ndogo iko chini ya hapo kidogo.

Lakini kinachonikosesha usingizi mimi ni mwanga. Ile kubwa ina asilimia 70 ya uzito wa Jua, kwa hiyo ungetegemea itoe asilimia 70 ya mwanga. Wapi! Inatoa asilimia 15. Pacha wake asilimia 9 hivi. Ni kama jiko la mkaa ulilolifunga mlango wa hewa: mkaa umepungua kidogo, moto umepungua sana. Nyota nyepesi haijikandamizi sana katikati, kiini chake hakipati joto kubwa, na hidrojeni inaungua kwa ubahili. Ndiyo maana majua yale yataendelea kuwaka muda mrefu baada ya letu kuisha. Mke wangu ananiambia hata maharage yanaiva vizuri zaidi hivyo.

Kubwa ina madoa pia, kama Jua letu, na madoa yake yanaongezeka na kupungua kwa mzunguko wa miaka saba hivi. Letu ni 11. Nyota isiyoonekana bila kukodoa macho, na watu wanajua ratiba ya madoa yake.

Sasa rudi kwenye Deneb, ile uliyoipenda, uliyosema "hii ndiyo nyota." Machoni inaangaza zaidi ya mara 20 kuliko 61 Cygni. Lakini Deneb iko mbali zaidi ya miaka nuru 1,000, yaani mwanga wake unasafiri zaidi ya miaka 1,000 kutufikia. Ni karabai ya ajabu iliyowashwa ng'ambo ya bahari. Chembe yako ya chumvi ni koroboi ya jirani. Katika nyota zote unazoweza kuona kwa macho matupu usiku, ni tatu tu zilizo karibu nasi kuliko hiyo: Alfa Centauri, Sirius na Epsilon Eridani. Ujirani wetu angani, ukiuhesabu kwa haki, umejaa koroboi, na nyingi hazionekani kabisa bila darubini. Karabai ni chache, ila ndizo tunazozipa majina.

Nisikufiche, wapimaji nao hupimwa wakaonekana wamepungua. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 mtaalamu wa nyota Kaj Strand alitangaza kwamba 61 Cygni ina kitu cha tatu kisichoonekana, kizito kuliko sayari ya Mshtarii mara kadhaa, kinachozivuta. Watu walifurahi sana. Vipimo bora vya baadaye vikatafuta huo mvuto visiuone. Jiwe lake lilikuwa limechubuka mahali. Nakwambia hili ili usije ukaniambia wewe kwanza.

Wiki hii sijaiona tena. Watu wanachoma mashamba wakingoja mvua, na moshi unakaa chini kaskazini hukohuko. Vijana wa kidato cha pili wananisumbua kila jioni, wanataka nao waone macho ya paka. Ukija Oktoba, njoo na koti la maana, si kile kishati cha Kariakoo, na uniletee skrubu ya mguu wa darubini, nimekuchorea vipimo vyake nyuma ya karatasi hii.

Msalimie sana shemeji na watoto. Bahasha hii nampa kondakta wa basi la alfajiri pamoja na kiroba cha viazi. Viazi nimevipima mwenyewe, kilo 22. Ukikuta pungufu, usinipigie mimi simu.

Wako wa siku zote,
Mwalimu