Mheshimiwa Waziri wa Viwanda na Biashara, vitenge vya Machi 8 vinavyobaki stoo vinatumaliza

Shikamoo Mheshimiwa, na kama nimekuzidi umri basi shikamoo yako naipokea kimya kimya. Mi ni mchapa vitambaa hapa Dar, mdogo tu, naomba dakika zako chache.

Kila mwaka Machi 8 ikikaribia ofisi zinakimbizana na vitenge vya Siku ya Wanawake, kauli mbiu na mwaka vimechapwa palepale kwenye kitambaa. Sasa kiwanda cha rotari, yaani cha kuchapa kwa silinda zinazozunguka, kila rangi ina skrini yake, lile silinda la nikeli lenye vitundu, kwa hiyo nakshi ya rangi sita ni silinda sita zichongwe kwanza ndo kazi ianze, na ili gharama irudi kiwanda hakikuchapii kidogo, kinataka maelfu ya mita. Ofisi ina watu mia mbili inabeba robota ambazo haina wa kuwavalisha, mwakani kauli mbiu imebadilika, nani atakivaa tena? Vinakaa stoo na panya.

Na hicho kitambaa cha panya kimeshakula maji na moto kama kile kilichovaliwa. Skrini zimeoshwa, rangi iliyobaki kwenye ndoo imemwagwa, kitambaa kimepitishwa kwenye mvuke wa nyuzi mia na kitu ili rangi ya riaktivu, ile inayoungana na pamba yenyewe kikemia, ishike, na mvuke unatoka kwenye boila ya kuni, makaa ya mawe au mafuta mazito. Halafu kinafuliwa mara kadhaa maana kuna rangi ambayo haishiki kabisa, hiyo inaondoka na maji. Ukiona mtaro una rangi ya zambarau nyuma ya kiwanda usishangae.

Ila kuna njia nyingine, printa ya wino, hii ya digitali, yenyewe haina skrini. Faili linatoka kwenye kompyuta, hedi, yaani vichwa vya printa, zinadondosha vitone pale panapotakiwa tu, ukitaka mita mia mbili na hamsini unachapa hizo hizo unazima. Ukitumia wino wa pigmenti, ule wa chembe za rangi zinazogandia juu ya kitambaa, ndo raha zaidi, unaukausha kwa joto kavu kama nyuzi 150 au 160 kwa dakika chache, hakuna mvuke wala kufua. Joto lenyewe ni la umeme, na siku hizi tuna Bwawa la Nyerere la megawati 2,115 zinazotoka kwenye maji ya Rufiji, sasa kwa nini tuendelee kuchoma kuni?

Sisemi ni dawa ya kila kitu. Printa ikitumia wino wa riaktivu bado kitambaa kinapakwa urea na soda kabla, na mvuke na kufua viko palepale. Pigmenti nayo inakakamaza kitambaa kidogo. Na wateja wetu mnawajua, mama wa Kariakoo kabla hajatoa hela anageuza doti aone upande wa nyuma, analowesha kidole anasugua pindo, akiona nyuma pamefifia anakurudishia bila hata kukuaga, na wino wa printa kweli hauzami kama rangi ya rotari. Kwa hiyo kanga za kuuza nchi nzima waachieni rotari, ina kasi hatuiwezi. Mi naongelea oda ndogo za tukio, hizi za mwaka mmoja.

Kitu kinachonitisha ni mtu wa wizarani kusikia neno digitali akaona yameisha. Mitaani digitali iliyojaa ni ya jezi, unachapa kwenye karatasi kisha unabana kwa joto la nyuzi kama 200, haitumii maji, sawa, ila inashika poliesta tu. Pamba haiitaki. Tukienda hivyo tutavaa plastiki ya kutoka nje wakati pamba ya Simiyu na Shinyanga nyingi inasafirishwa nje ikiwa bado pamba nyuzi, haijasokotwa.

Ninachoomba, tenda za ofisi za umma ziseme kitambaa kiwe pamba, idadi iwe ya watu waliopo, na mzabuni aeleze maji na nishati kwa kila mita, sio bei peke yake. SIDO, shirika la viwanda vidogo, nao wana ofisi kila mkoa, waweke hata sehemu moja yenye mashine ya mvuke na mabwawa ya kusafishia maji, wadogo tulipie kwa mita, maana hakuna kati yetu anayeweza kununua hiyo peke yake. Na wino wa nguo pamoja na hedi, ambazo vumbi na umeme wa kukatika vinaziua mapema, muongee na Fedha vipelekwe kwenye kikao cha mawaziri wa Afrika Mashariki cha ushuru kabla ya bajeti ya Juni.

Hili la tenda halihitaji kusubiri bajeti lakini. Ofisi zinaanzaga kuulizia bei za Machi 8 tangu Januari, waraka ukitoka Desemba utatukuta tumejipanga.

Wako mchapa vitambaa,
Dar es Salaam