Chawa wa magome wapewe nafasi yao katika ukoo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo linalonisumbua kila ninapomwona mtu akipulizia dawa ya wadudu kwenye shina la mti wenye afya, kwa sababu tu ameona utando mweupe umefunika magome yake na vidudu vidogo vikikimbia chini ya utando huo. Akiuliza ni nini, huambiwa ni chawa wa miti, na neno chawa likishatajwa hakuna anayetaka kusikia zaidi. Nawatetea wadudu hao, na papo hapo nawaomba wanaoandika habari za wadudu kwa Kiswahili waachane na uainishaji wa zamani, kwa kuwa makosa hayo mawili yana mzizi mmoja: hatujui nani ni ndugu wa nani.

Chawa wa magome ana mwili laini wenye urefu wa milimita 1 hadi 10, kichwa kikubwa chenye paji lililovimba na vipapasio virefu vyembamba kama uzi. Walio na mabawa huyalaza juu ya mgongo mfano wa paa la nyumba. Hanyonyi utomvu, hatoboi shina, wala hali majani mabichi. Chakula chake ni vitu vinavyoota au kutua juu ya gome, yaani miani midogo, kuvu, kuvumwani, chavua na mabaki ya viumbe. Jinsi anavyokula inastahili kutazamwa kwa kioo cha kukuzia: kila upande wa kinywa kuna kijiti kigumu kilichochongoka kama patasi, kiitwacho lasinia, ambacho mdudu hukikita kwenye gome ili kichwa kisiyumbe wakati mandibula, yaani taya zake, zinakwangua. Jina la kisayansi la kundi hili limetokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kusugua au kusaga, na kwa maoni yangu ni jina linalomfaa kabisa.

Ule utando unaowatia watu hofu ni hariri inayotoka katika tezi za mdomo wa chini. Spishi Archipsocus nomadicus, inayopatikana kusini-mashariki mwa Marekani, huweza kufunika shina zima na matawi yake, na bado mti hauna jeraha hata moja chini ya hariri hiyo. Huko huko yuko Cerastipsocus venosus, ambaye hutembea kwa makundi juu ya gome na, akishtuliwa, kundi zima husogea kwa pamoja, kiasi kwamba watu humwita ng'ombe wa miti. Yai huanguliwa tunutu anayefanana na mzazi wake ila hana mabawa, naye hujibambua, kwa kawaida mara sita, mpaka akakomaa bila kupitia hatua ya bundo, ile ya kutulia ndani ya ganda kabla ya kuwa mdudu kamili.

Wapo pia jamaa zao waliohamia ndani ya nyumba, ambao huitwa chawa wa vitabu, hasa wa jenasi Liposcelis: wadudu bapa wasio na mabawa, wenye urefu wa takriban milimita 1. Hao nao wanasingiziwa. Kinachowavuta kwenye kitabu ni ukungu ulioota juu ya karatasi na gundi, na ukungu huota palipo na unyevu. Wana uwezo wa ajabu wa kunasa mvuke wa maji kutoka hewani kwa kutumia viungo maalumu vya kinywani, lakini unyevu wa hewa ukishuka chini ya asilimia 60 hivi na kubaki hapo, hupoteza maji mengi kuliko wanayopata, na hatimaye hufa. Kukausha chumba huwamaliza vizuri zaidi kuliko sumu. Sitaficha kwamba baadhi ya spishi za Liposcelis ni waharibifu wa kweli katika maghala ya nafaka, na kwamba Liposcelis bostrychophila huzaana kwa kasi kwa sababu majike yake hutaga mayai yanayoanguliwa bila ya dume. Lakini hakuna hata mmoja kati yao anayenyonya damu ya mtu.

Sasa nije kwenye uainishaji. Linnaeus, Mswidi aliyeasisi utaratibu wa kuwapa viumbe majina ya kisayansi, katika kazi yake ya mwaka 1758, alimweka mdudu tunayemjua leo kama Trogium pulsatorium katika jenasi Termes, pamoja na mchwa, huku chawa wa binadamu akiwa katika jenasi nyingine. Baadaye ilizoeleka kuwa na oda mbili, yaani makundi makubwa mawili ya wadudu: Psocoptera kwa ajili ya chawa wa magome na wa vitabu, na Phthiraptera kwa ajili ya chawa wanaoishi juu ya ndege na mamalia. Mgawanyo huo ulionekana wa haki, kwa kuwa hawa wanakula kuvu na wale wanakula manyoya, ngozi au damu. Tatizo ni kwamba namna ya kutafuta riziki haithibitishi nasaba. Mwaka 1985 mtaalamu wa wadudu Christopher Lyal alionyesha kwa ushahidi wa maumbile kwamba familia ya Liposcelididae, wale chawa wa vitabu, iko karibu zaidi na chawa wa kweli, yaani wale wa ndege na mamalia, kuliko ilivyo karibu na chawa wengine wa magome. Uchunguzi wa jeni ulikuja kukubali hivyo. Kazi moja ya mwaka 2004 ilipendekeza hata kwamba maisha ya kimelea, yaani ya kuishi juu ya mnyama na kumtegemea kwa chakula, yalianza zaidi ya mara moja. Uchambuzi wa jeni zaidi ya 2,000 uliochapishwa mwaka 2021 umeonyesha kwamba yalianza mara moja tu.

Maana yake ni nzito. Kuendelea na oda ya Psocoptera peke yake ni sawa na kuhesabu ukoo wa babu mmoja, kisha kuuacha mlango wa mjukuu mmoja kwa sababu alihama na kubadili kazi. Ndiyo maana wataalamu sasa wanawaweka wote katika oda moja, Psocodea, jina lililopendekezwa na Mjerumani Willi Hennig katikati ya karne ya 20. Ndani yake kuna nusuoda tatu: Trogiomorpha, ambao vipapasio vyao kwa kawaida vina pingili zaidi ya 20, Troctomorpha, wenye pingili 15 hadi 17 kwa wale wanaoishi huru, na Psocomorpha, wenye 13 hivi, ambao ndio wengi zaidi kwenye magome. Chawa wa kweli, takriban spishi 5,000, wameota kama tawi ndani ya Troctomorpha. Njia waliyopitia si vigumu kuikisia, kwani hata leo baadhi ya chawa wa vitabu huonekana katika viota vya ndege na manyoya ya mamalia, na ule mwili bapa usio na mabawa unafaa kabisa kwa maisha ya huko. Kwa hiyo anayesema chawa wa magome ni aina ya chawa amegeuza nasaba juu chini: chawa wa kichwani ndiye mtoto wa ukoo wa wala kuvu.

Kundi hili bado lina mengi ya kufundisha. Mwaka 2014 watafiti walieleza habari za jenasi Neotrogla ya mapango ya Brazil, ambamo jike ndiye mwenye kiungo cha kuingiza wakati wa kujamiiana, tendo linaloweza kudumu saa 40 hadi 70.

Ombi langu kwa waandishi wa vitabu vya shule ni waiandike Psocodea kama oda moja, na waeleze sababu yake. Kwako Mhariri, naomba gazeti lako liandike jina kamili, chawa wa magome, kila linapowataja, na liwajulishe wasomaji kwamba asiyependa kuuona utando kwenye mti wake anaweza kuuosha kwa maji matupu yenye nguvu kidogo.

Wako,
Msomaji wa siku nyingi