Hadithi za porini hazimpotezi mtoto

Mhariri,

Msomaji wenu mmoja aliandika kwamba hadithi za watu waliopotea porini zinawajaza watoto ndoto za kutoroka nyumbani, na kwamba afadhali wakazanie vitabu vya kiada. Naomba nafasi nimjibu. Nalea kijana wa darasa la sita hapa Minneapolis, Marekani, na kitabu cha aina hiyo alipewa shuleni, na mwalimu wake mwenyewe.

Kinaitwa Hatchet, yaani Kishoka, ni riwaya iliyotoka mwaka 1987, na mwandishi wake ni Gary Paulsen, mzaliwa wa jiji hilihili. Brian, kijana wa miaka 13, amepanda ndege ndogo kwenda kumwona baba yake anayefanya kazi kwenye machimbo ya mafuta Kanada. Wazazi wameachana. Huko angani rubani anapatwa na mshtuko wa moyo, ndege inaangukia ziwani, na kijana anakaa msituni siku 54. Alichonacho ni kishoka alichopewa na mama yake kabla ya safari.

Najua mwenzangu atasema: si ndio huohuo ushujaa wa kubuni? Akisome kwanza. Brian anakula matunda asiyoyajua, tumbo linamkata, anatapika. Nungu anaingia pangoni usiku, Brian anamrushia kishoka gizani, anamkosa, kisha anampiga teke na miiba inamjaa mguuni. Analia mpaka machozi yanakauka. Akishamaliza kulia anakuta mguu bado unauma na giza liko palepale. Sijaona mzazi aliyemweleza mtoto jambo hilo vizuri zaidi, nami mwenyewe nimo.

Kwangu mimi, sehemu inayolipa bei ya kitabu kizima ni ile ya moto. Kile kishoka kilipogonga ukuta wa jiwe kilitoa cheche, kwa hiyo asubuhi Brian anaanza kugonga kwa makusudi. Cheche zinamwagika, moto haushiki. Anajaribu nyasi kavu, wapi. Anajaribu vijiti, wapi. Anachanachana noti ya dola 20, nayo wapi. Ndipo anapochukua maganda membamba ya mti na kuyachambua hadi yawe nyuzi laini, cheche zinatua, zinawaka kidogo, zinazima. Bado kuna kitu kimepungua. Anakumbuka hewa, anapuliza taratibu, moto unashika.

Hiyo ni sayansi ya darasani: kuni, hewa, joto. Mwanangu alikuwa ameshaisoma kwenye kitabu cha kiada, akajibu mtihani, akapata alama zake, na hakuwahi kuniuliza swali hata moja juu yake. Alipomaliza sura ile ya Brian alinichosha kwa maswali. Nilipoishiwa majibu nikampigia simu mama yangu Njombe, nikampa kijana azungumze naye.

“Shikamoo bibi. Zamani mlikuwa mnawashaje moto bila kiberiti?”

Bibi akacheka, akamwambia moto ulikuwa hauwashwi, ulikuwa unalazwa. Usiku unafukia makaa ndani ya majivu, alfajiri unayafukua na kuyapuliza. Ukiukuta umezimika kabisa, unachukua kigae unakwenda kwa jirani kuomba makaa au kijinga cha moto. Kupekecha ulimbombo, kijiti kinachozungushwa juu ya kingine hadi kitoe moto, aliwaona wazee wake wakifanya, yeye hakuwahi. Kisha akauliza, kwa masikitiko ya kweli, kama huyo Brian hakuwa na jirani hata mmoja.

Mazungumzo yale yaliletwa na riwaya. Miaka yote bibi alikuwa mtu wa kusalimiwa sikukuu, simu inapokezanwa haraka haraka. Sasa anapigiwa kwa sababu ana jambo analolijua.

Hofu ya msomaji wenu siidharau. Mwaka 1992 Christopher McCandless, kijana wa miaka 24 aliyependa mno vitabu vya Jack London, mwandishi Mmarekani wa hadithi za nyika, aliingia peke yake katika nyika ya Alaska na mchele kidogo, bila ramani ya kutosha. Alifia ndani ya basi bovu lililotelekezwa huko. Habari zake zikaandikiwa kitabu, na wasomaji wakaanza kufunga safari kwenda kuliona basi lenyewe; wawili walikufa maji njiani, hata mwaka 2020 serikali ikaliondoa kwa helikopta. Kwa hiyo kitabu kinaweza kumvuta mtu kifoni, ndiyo. Lakini McCandless alikuwa mtu mzima aliyekwenda kwa hiari na kukata mawasiliano na wazazi wake. Mtoto anayesoma akiwa na mtu wa kumuuliza yuko mahali pengine kabisa.

Na mtu huyo wa kumuuliza ana thamani kuliko kitabu. Mei 2023 ndege ndogo ilianguka katika msitu wa Amazoni nchini Kolombia, na watu wazima wote waliokuwamo wakafa. Watoto wanne wa jamii ya Wahuitoto, mkubwa wao msichana wa miaka 13 na mdogo hajatimiza mwaka, waliishi msituni siku 40 hadi walipopatikana. Walianza na unga wa muhogo uliokuwamo ndegeni, kisha wakala matunda ya porini waliyofundishwa na wakubwa wao kuyatambua. Ndugu zao walimtaja bibi yao kuwa mmoja wa waliowafundisha. Wanangu wako bara jingine na bibi yao, ndiyo maana nashukuru Paulsen alitupa sababu ya kupiga simu.

Paulsen aliyefariki mwaka 2021 alilelewa na wazazi walevi. Alikuwa akisimulia kwamba usiku mmoja wa baridi aliingia maktaba kuota joto tu, mkutubi akampa kadi na kitabu. Nani ajuaye angekuwa nani leo kama yule mkutubi angemwambia akasome vya kiada kwanza.

Nina ombi moja, Mhariri. Kama ukurasa wa watoto bado upo, waulizeni wazee wa Njombe, Mbulu, Pemba na kwingineko walivyolaza moto, walivyojua tunda la kula na la kuacha, waliyoyafanya walipopotea. Andikeni kwa urefu. Na msomaji mwenzangu akiacha anwani yake kwenu, nitamtumia nakala yetu ya Hatchet mara kijana akikubali kuiachia.

Mama wa Watatu,
Minneapolis, Marekani