Kero za Muungano haziishi kwa vikao, futeni mistari kwenye katiba

Mheshimiwa Mhariri,

Asalaam alaykum. Naomba kanafasi kwenye ukurasa wenu wa barua, maana haya maneno ya katiba mpya yameanza tena, na kila mtu anazungumzia tume ya uchaguzi na madaraka ya rais. Sawa, sikatai, ni mambo makubwa. Ila sie wa huku visiwani kuna sehemu moja ya katiba inatuuma na ukimuuliza mbunge anaanza kukohoa, nayo ni Nyongeza ya Kwanza. Ni orodha tu ya mambo ya Muungano, yaani yanayoamuliwa na Serikali ya Muungano, iko huko mwisho mwisho wa kitabu ambako watu hawafiki, ina mambo 22, na jambo likishaingia humo basi Zanzibar haina tena kauli nalo.

Mzee Karume na Mwalimu walipotia saini Hati za Muungano tarehe 22 Aprili 1964 mambo yalikuwa 11. Nchi za nje, ulinzi, polisi, uraia, uhamiaji, bandari, posta na simu, vitu ambavyo mtu yeyote anaelewa kwa nini nchi mbili zikiungana zinaviweka pamoja. Halafu ikaanza kazi ya kuongeza. 1965 ikaingia sarafu na mabenki, 1968 mafuta na gesi, 1979 Mahakama ya Rufani, 1992 uandikishaji wa vyama vya siasa, na katikati hapo wakapenyeza elimu ya juu, Baraza la Mitihani, utafiti, takwimu, hata utabiri wa hali ya hewa jamani. Mengine yana sababu zake na sisemi yote ni dhulma, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977 na mahakama yake ya rufani ikaondoka nayo, kwa hiyo lazima pangetafutwa pa kukata rufaa. Lakini niambieni, mwananchi wa Mkoani au wa Makunduchi aliulizwa lini kuhusu hata moja kati ya hayo 11 yaliyoongezwa?

Mimi khasa nataka kusema habari ya mafuta, kwa sababu ndiyo inayoonyesha ugonjwa ulipo. Kwa miaka huku watu wamelalamika, mpaka 2009 Baraza la Wawakilishi la Zanzibar, wa chama tawala CCM na wa chama cha upinzani CUF kwa pamoja, wakasema mafuta yaondoke kwenye mambo ya Muungano. Haya, 2015 Bunge la Dodoma likapitisha Sheria ya Petroli ambayo inaiachia Zanzibar isimamie mafuta na gesi yake yenyewe, 2016 Baraza likatunga sheria yetu, 2018 ukasainiwa mkataba na kampuni ya RAK Gas kwa ajili ya kitalu cha Pemba na Zanzibar, watu wakapiga makofi wakasema kero imekwisha. Imekwisha wapi? Fungua katiba leo, namba 15 bado ipo pale pale, maliasili ya mafuta na gesi ni jambo la Muungano. Yaani tulichopewa tumepewa kwa sheria ya kawaida, na sheria ya kawaida Bunge linaibadilisha kwa wingi wa kawaida, asubuhi inasomwa jioni imepita. Ni kama mtu kukuachia uishi kwenye nyumba yake halafu hati kaiweka kabatini kwake. Leo gesi haijaanza kutoka tunacheka wote, siku ikitoka kwa wingi ndiyo tutajua mwenye hati nani.

Sasa utasema si waombe tu ibadilishwe. Waombe wapi? Ibara ya 98 inasema katiba ya Muungano inabadilishwa na Bunge, basi. Kwa orodha hiyo ya mambo ya Muungano zinatakiwa theluthi mbili ya wabunge wote wa Bara na theluthi mbili ya wabunge wote wa Zanzibar, na ukisoma haraka haraka unaona kumbe tunalindwa vizuri tu. Lakini wale wabunge wetu wakifika Dodoma ni wa chama kwanza, msimamo ukishatolewa kwenye kamati ya chama wa Kwahani atapiga kura ile ile ya wa Shinyanga. Na Baraza la Wawakilishi, ambalo ndilo chombo chetu cha kutunga sheria, halina mlango hata mmoja kwenye hiyo ibara, haliwezi kuanzisha mabadiliko na wala haliulizwi kuyaridhia. Baraza zima linaweza kupiga kelele kwa sauti moja kama 2009, na kisheria ile kelele haina uzito.

Wenzetu Marekani, ambao watu wanapenda kuwatolea mfano, katiba yao Ibara ya 5 inasema majimbo theluthi mbili, yaani 34 kati ya 50, yakiomba, basi Bunge la taifa linapaswa kuitisha mkutano wa kupendekeza mabadiliko ya katiba, na chochote kikipendekezwa lazima majimbo 38 yakubali. Njia hiyo ya mkutano haijatumika hata mara moja tangu waandike katiba yao, na wako wanaoiogopa wanasema ukishauitisha hujui utaishia wapi. Sawa. Lakini mlango upo, na hata ukiwa umefungwa mkubwa anajua kwamba mdogo ana ufunguo. Sie hatuna.

Kuna waliojaribu kutafuta ufunguo, na vijana wengi hawaijui hii habari. Imo kwenye katiba yetu Mahakama Maalum ya Katiba, Ibara ya 125, nusu ya wajumbe wake wanateuliwa na Serikali ya Muungano na nusu na Serikali ya Zanzibar, kazi yake ni kusuluhisha serikali hizi mbili zikigongana kwenye tafsiri ya katiba. Mahakama hiyo haina jengo na haijawahi kukaa. Mzee Aboud Jumbe akiwa Rais wa Zanzibar na Makamu wa Rais wa Muungano alikuwa anaandaa kuipeleka hoja ya muundo wa Muungano huko huko, kwenye chombo kilichoandikwa kwenye katiba yenyewe, siyo msituni. Januari 1984 akaitwa Dodoma kwenye Halmashauri Kuu ya CCM, akarudi hana cheo hata kimoja. Huku mpaka leo wazee wakitaja mwaka ule wanasema hali ya hewa ilichafuka, hawaongezi neno.

Halafu ikaja Tume ya Jaji Warioba, ile ya kukusanya maoni ya wananchi kuhusu katiba mpya, na hapa ndipo mimi roho inaniuma zaidi kwa sababu kazi ilishafanyika! Wale wazee walizunguka nchi nzima, wakatuambia kati ya Wazanzibari waliogusa suala la muundo wa Muungano asilimia 60 walitaka Muungano wa mkataba, yaani nchi mbili zinazokubaliana kwa mkataba, na wa Bara asilimia 61 walitaka serikali tatu, ya Tanganyika, ya Zanzibar na ya Muungano. Yaani pande zote mbili wengi walisema huu mtindo wa sasa basi. Rasimu ikaja na mambo saba tu ya Muungano: katiba na mamlaka ya Jamhuri, ulinzi na usalama, uraia na uhamiaji, sarafu na benki kuu, mambo ya nje, usajili wa vyama, na ushuru wa bidhaa pamoja na mapato yasiyo ya kodi yanayotokana na hayo mambo ya Muungano. Saba! Ukaja mwaka 2014 Bunge Maalum la kujadili katiba likaikata kata rasimu, UKAWA, ule umoja wa vyama vya upinzani, wakatoka nje mwezi wa nne, Oktoba tukakabidhiwa Katiba Inayopendekezwa ikiwa na serikali mbili zile zile, kura ya maoni ikapangwa Aprili 2015 ikaahirishwa, na ndiyo tunaisubiri mpaka leo.

Najua ndugu zangu wa Bara wana la kusema na mengine wana haki. Watasema nyie wachache mna rais wenu, bendera yenu, Baraza lenu, na bado mnaleta wabunge Dodoma wanapiga kura mpaka kwenye mambo ya shule za msingi za Tabora ambayo si ya Muungano. Kweli kabisa. Tena mtu wa Bara hawezi kununua ardhi Unguja wakati mie naweza kujenga Mbagala. Kweli tena. Lakini yakhe, dawa ya hilo si kuzidi kuibana Zanzibar, dawa ni nyie kudai serikali yenu ya Tanganyika kama walivyodai wale wabunge 55 mwaka 1993, G55, mpaka Mwalimu mwenyewe akaingia ulingoni kuwazuia. Serikali moja ikivaa kofia mbili, ya Bara na ya Muungano, hakuna atakayejua fedha hii ni ya nani. Ndiyo maana Akaunti ya Fedha ya Pamoja, ya kuweka fedha za mambo ya Muungano, imeandikwa Ibara ya 133 na miaka nenda rudi imebaki kuwa hoja ya vikao, huku Zanzibar ikigawiwa asilimia 4.5 ya misaada ya kibajeti kwa kiwango kilichoitwa cha muda. Muda gani huo sijui.

Na kamati ya kero za Muungano, ya serikali zote mbili, maana najua mtaniambia kuna kamati. Ipo tangu 2006, inakaa chini ya Makamu wa Rais, zilitajwa hoja 25 na nyingi tumetangaziwa zimepatiwa ufumbuzi. Sawa, sibezi, mfanyabiashara anayetoa mzigo bandari yetu ya Malindi, Unguja, kwenda Dar anajua kipi kimepungua na kipi hakijapungua bandarini. Ninachosema ni kwamba hoja ikimalizwa kwa makubaliano ya wakubwa wawili inaishi maisha ya hao wakubwa wawili. Wakija wengine tunaanza upya. Hata mpira tuliona, Machi 2017 CAF, shirikisho la mpira la Afrika, wakatupa uanachama kamili, mtaani watu wanashangilia, Julai wakatunyang'anya kwamba Zanzibar si nchi. Na katiba yetu ya Zanzibar tangu marekebisho ya 2010 inasema Zanzibar ni nchi, kwa hiyo katiba mbili ndani ya dola moja hazisalimiani na hakuna mahakama iliyokaa kusema nani mkweli.

Ninachotaka mimi kiandikwe kwenye hiyo katiba mpya si kirefu. Orodha irudi saba kama alivyoacha Warioba au pungufu, mafuta na gesi, elimu ya juu, mitihani, takwimu na mengine yote yasiyo humo yafutwe kwa wino siyo kwa ahadi. Jambo jipya lisiingie mpaka Baraza la Wawakilishi liridhie kwa theluthi mbili na Wazanzibari wapige kura ya maoni, na Bara nao wafanye hivyo hivyo kwa upande wao. Na Baraza lipewe haki ya kuanzisha hoja ya mabadiliko bila kumuomba mbunge wa Dodoma atubebee barua. Hiyo kura ya maoni kila upande siyo kitu cha ajabu hata kidogo, Sheria ya Mabadiliko ya Katiba ya 2011 ilishasema katiba mpya lazima ipite kwa zaidi ya nusu Bara na zaidi ya nusu Zanzibar. Kama inafaa kwa kitabu kizima kwa nini isifae kwa mstari mmoja?

Mhariri, nina ombi moja la mwisho. Chapisheni hizo orodha mbili kwenye gazeti lenu, ile ya mambo 22 na ile ya saba, ziwekwe ubavu kwa ubavu ukurasa mzima bila maelezo, halafu waulizeni wabunge wetu wa Zanzibar mmoja mmoja kwa majina yao: lipi kati ya haya yaliyozidi ungepiga kura lifutwe? Na anayekataa kujibu mwandikeni kakataa.

Ni mimi msomaji wenu,
Michenzani, Unguja