Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: Tupeni na sisi chaki

Mheshimiwa Waziri,

Mimi ni fundi cherehani wa Temeke, na huu ni mwaka wa tisa nahudhuria kliniki ya afya ya akili. Nakuandikia hadharani kwa sababu ninachokuja kuomba, chuo ambacho sisi tuliougua nasi tunafundisha, si changu peke yangu.

Nianze na mikono. Nilipoanza kuchomwa sindano ya kila mwezi, sauti nilizokuwa nazisikia kichwani zilipungua na usingizi ukarudi. Lakini mikono ikakaza. Uzi ukawa hauingii kwenye tundu la sindano, nikawa namwita mtoto wa jirani anitungie, mwisho nikaacha kupokea nguo za watu maana kila pindo lilikwenda upogo. Kliniki naulizwa, "Bado unasikia sauti?" Nikijibu hapana, naandikiwa tarehe nyingine. Miezi mitano ikapita hivyo. Aliyenifungua macho ni mzee mmoja tuliyekaa naye benchi moja tukisubiri mafaili. Aliniangalia nilivyoshika kikombe cha chai, akasema: "Mwanangu, hiyo ni dawa. Mwambie daktari mikono imekaza, kipo kidonge chake." Nikamwambia. Daktari akaandika palepale, na wiki chache baadaye nikatunga uzi mwenyewe.

Simlaumu daktari, ambaye foleni yake ilifika koridoni. Kinachoniuma ni kwamba somo nililolihitaji lilikuwepo pale kliniki muda wote, ila lilikuwa limekaa benchini.

Wenzetu wamelitengea somo hilo darasa. Mwaka 2009, kusini magharibi mwa London, walianza kujaribu kitu wanachokiita Recovery College, ambacho mimi nakiita chuo cha ahueni. Kila somo huandaliwa na kufundishwa na watu wawili, mmoja aliyesomea maradhi na mwingine aliyeyaugua, na wawili hao hukaa pamoja tangu karatasi ikiwa tupu. Anayeingia ni mwanafunzi, na anachagua mwenyewe la kusoma: kuijua dawa yako na madhara yake, kulala vizuri, kuishi na sauti, kurudi kazini. Mgonjwa hukaa darasa moja na mama yake, na hata nesi wake. Hesabu iliyochapishwa 2023 ilikuta vyuo vya namna hii 221 katika nchi 28. Na si lazima tupande ndege kwenda Ulaya kujifunza, kwa kuwa hapo Kampala, Hospitali ya Butabika, wagonjwa waliopata nafuu wamekuwa wakisaidia wenzao kwa miaka sasa.

Isitoshe, Wizara yako inalijua jambo hili kuliko mimi. Kwenye kliniki za UKIMWI wapo WAVIU washauri, yaani watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI wanaowashauri wenzao. Mgonjwa mpya akitoka kupewa majibu, miguu haina nguvu, anakutana na mtu anayemeza dawa zilezile na amenenepa, ana watoto, anacheka. Hilo hakuna bango linaloweza kulifanya. Kwa nini sisi wa afya ya akili tusiwe na watu hao? Hata jaribio limeshafanyika hapa nyumbani, maana mradi wa UPSIDES, ulioanza 2018, uliihusisha Dar es Salaam pamoja na Kampala, Pune na miji mingine katika kuwaandaa wenye uzoefu wa maradhi kusaidia wenzao. Mradi ukiisha, watu wale wanabaki na ujuzi bila kazi.

Naomba pia nikuonye juu ya jambo moja. Niliwahi kuitwa kwenye warsha ya "kushirikisha wagonjwa". Tulipofika, mwongozo ulikuwa umeshachapwa, una jalada la rangi. Tukasaini karatasi ya mahudhurio, tukapewa soda na nauli, tukapiga picha. Huko si kushirikishwa, Mheshimiwa. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia 2009, unaitaka serikali kushauriana nasi kwa karibu na kutuhusisha kikamilifu katika maamuzi yanayotugusa.

Basi naomba chuo kimoja cha kuanzia. Kisiwe ndani ya geti la hospitali, kiwe kwenye ukumbi wa kata au shule jioni. Nchi hii mtu akitaka kumtukana mwenzake humwambia "wewe wa Mirembe", hospitali ya magonjwa ya akili ya Dodoma ambayo imetibu watu tangu 1927 na haikustahili kugeuzwa tusi. Mwenye aibu hatapita geti hilo kwenda kusoma, lakini ukumbi wa kata ataingia. Na mwalimu aliyeugua alipwe posho inayojulikana, iliyoandikwa kwenye bajeti kama ya yule aliyesomea. Nauli na soda hazitoshi.

Ukikubali, nipo tayari kukaa na nesi yeyote utakayemchagua tuandae somo la kwanza, la dawa na mikono. Yule mzee wa benchini naye ningependa aitwe. Kliniki yetu ni kila Jumanne.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Fundi cherehani, Temeke