Rashidi, harusi siwahi

Rashidi ndugu yangu, salamu nyingi, Bi Mkubwa mfikishie shikamoo yangu. Najua umenuna, miezi mitatu kimya, ila sasa nina jambo zito: harusi ya Mwanaisha siwahi. Meli iko Itacoatiara, Brazili, mto Amazon umeshuka hatupiti.

Nakwambia umeshuka! Mwezi wa sita tulipanda hadi Manaus, kama kilomita 1,500 toka baharini na meli kubwa inafunga gati. Nikasimama kuangalia mto Rio Negro unavyokutana na mto Solimões, huku maji meusi kama chai ya rangi, kule kama chai ya maziwa, yanakwenda bega kwa bega kilomita sita hivi hayachanganyiki. Weusi ni wa majani ya msituni yaliyooza, ule mwingine ni tope la milima ya Andes, na mmoja unakwenda polepole mwingine mbio. Nikakuwaza na darasa lako.

Leo pale Tabocal, karibu na mdomo wa mto Madeira, kina hakitoshi meli yenye mzigo, kwahiyo kontena zinashushwa hapa kwenye gati la kuelea, matishari ndo yanazipeleka Manaus. Oktoba hii ya 2024 kipimo cha mto pale Manaus kimefika mita 12.11, tangu waanze kupima 1902 haijatokea, na 2021 tu hapo kilifika 30.02! Ghorofa sita hizo za maji, zimekwenda wapi?

Jana nimeona nyumba ya kuelea imekaa juu ya tope lililopasuka, mtumbwi bado umefungwa kamba mlangoni, mama na ndoo anayafuata maji kwa miguu. Picha hiyo hainitoki. Na mwaka jana ziwa Tefé pomboo zaidi ya mia walikufa, maji yalichemka mpaka digrii 39. El Niño ileile, kwetu ikaleta mafuriko kwao ukame.

Sasa Mwanaisha. Marehemu baba hayupo, walii ni mimi, basi nakuwakilisha wewe uozeshe kwa niaba yangu, sheikh nimeshampigia. Hela ya pilau anayo Salimu.

Je umekubali? Mahari imeletwa yote? Mwanaisha kalia alipoambiwa siji? Niambie kweli, usinifiche. Na vuli huko imeanza, au bado mnaangalia mawingu?

Nduguyo,
Athumani