Umepima damu?

Mwanangu,

Mdogo wako kanipigia jana usiku. Kasema ulianguka kituoni Kimara ukingoja mwendokasi, tena si mara ya kwanza. Hukutaka nijue, haya, nimeshajua. Umepima damu?

Usinijibu ni uchovu. Kanisimulia yote: ukiinuka tu macho yanaingia giza, moyo unakwenda mbio, unashika ukuta. Hicho kizunguzungu si kama changu. Changu kilikuwa cha sikio. Nikijigeuza kitandani kwa kulia, dari yote inazunguka, na dakika haiishi kimetulia. Daktari alinilaza kichwa kikining'inia ukingoni mwa kitanda, akakigeuza polepole, akaniinua nikakaa. Kumbe ndani ya sikio mna vichembe kama vya chokaa, vikihama mahali pake ndiyo balaa hilo. Hata kidonge hakunipa. Kabla ya hapo nilikuwa nimemeza vya presha vya jirani wiki mbili, lakini hayo tuyaache.

Chako ni cha kuinuka. Yaweza kuwa damu imepungua, au hunywi maji, au presha inashuka ukisimama. Waambie wakupime umelala, kisha umesimama. Wakikupima umekaa tu, watakwambia uko sawa. Na damu, mama. Siku zako bado zinakuja nzito vile, siku saba? Ulipokuwa kidato cha pili ulinilalamikia, nikakwambia wanawake wote ndivyo tulivyo. Basi, mwambie daktari, usione haya. Na chai usinywe pamoja na chakula, inazuia madini ya chuma yasiingie mwilini. Ingoje hata saa nzima. Najua nani kakuzoesha.

Nasikia kazini hawafanyi kitu bila wewe. Nimeshawatangazia mpaka wa msibani. Lakini kushinda na soda na andazi mpaka jioni, hilo nilikufundisha mimi?

Siku ukiona mdomo umekwenda upande, ulimi mzito, mkono hauna nguvu, usinipigie mimi. Kimbizwa hospitali saa hiyo hiyo.

Fundi kamaliza bati la jikoni, bado anadai elfu thelathini, na limeshaanza kuvuja pale kwenye dohani. Usitume wewe. Hiyo hela kapimie damu. Yule mtetea mweusi kaangua tisa, kunguru kachukua wawili.

Nitumie picha ya karatasi ya majibu. Si "niko poa mama". Karatasi.

Mama yako